Barua ya Wazi kwa Jaji Mkuu: Aliyelipa Asiletewe

Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu wa Jamhuri ya Kenya, na kwa waheshimiwa waamuzi wa Mahakama za Madai Madogo popote mlipo.

Nawaandikia waraka huu mintarafu ya dhulma moja ambayo, kwa kuwa aghalabu huwapata watu wa kadiri, na kwa fedha zisizotosha kumwajiri wakili wala kuandikwa gazetini, imezoeleka hata watu wakaihesabu katika bahati mbaya za dunia, ilhali ni jambo lenye hukumu yake bayana katika sheria za nchi hii: mtu amenunua bidhaa, amelipa thamani yake yote, na muuzaji hakuleta kitu. Sikuja kuomba sheria mpya. Rai yangu ni kwamba sheria zilizopo zamtosha mnunuzi huyu, na mahakama aliyowekewa ni njema kuliko zote tulizopata kuwa nazo kwa ajili ya wanyonge. Walakini njia ya kuifikia mahakama hiyo ni nzito kwa aliyedhulumiwa, na uzito huo hautokani na sheria bali na utaratibu, na utaratibu umo mikononi mwenu.

Kulipa kwanza na kupokea baadaye si uzushi wa zama hizi za simu. Wanazuoni wa fiqhi waujua muamala huu kwa jina la salam, na watu wa Madina walikuwa wakilipiana tende za mwaka mmoja au miwili ijayo hata kabla Mtume hajahamia kwao. Naye alipowakuta katika hali hiyo hakuwakataza, bali aliwaamuru wawekeane kipimo kinachojulikana na muda unaojulikana. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani haikushuka kwa ajili ya sala wala saumu, imeshuka kwa ajili ya kuandikiana deni lenye muda na kulishuhudishia. Wazee wetu wa mwambao nao walitoa fedha zao kwa nahodha aendaye Arabuni na kusi, wakangoja kaskazi imrejeshe na tende na mazulia, na waliweza kungoja miezi kwa moyo mtulivu kwa sababu walimjua nahodha ni mwana wa nani, mkewe anakaa mtaa gani, na chombo chake ni mali ya nani. Aliyehini amana hakuwa na pa kujificha.

Leo muamala ni ule ule, na wenye kuufanya kwa uaminifu ni wengi, na mimi sina neno nao. Nawajua vijana wa kike na wa kiume waliojenga riziki ya halali kwa kuuza viatu, vyombo na nguo kwa njia ya simu pasi na kuwa na duka. Lililobadilika ni kwamba mnunuzi hamjui tena muuzaji. Anachokijua ni picha ya bidhaa, namba ya simu, na jina lililochomoza kwenye kioo baada ya kuandika till namba. Fedha ziendazo kwa M-Pesa hufika kabla hajavuta pumzi ya pili, na zikishafika, kila ujuzi na kila uwezo umehamia upande wa pili.

Nitawasimulia habari ya jirani yangu mmoja hapa Mji wa Kale, Mombasa, kwa kuwa nimeziona hati zake kwa macho yangu na nimeketi naye alipokuwa akizipanga. Ni mama mshonaji, mjane, mwenye cherehani moja ya miguu na wateja wa kutosha, na alitaka mashine ya ovalok ili ashone sare za shule zisizofumuka pindo. Aliiona mashine hiyo katika picha, akapatana bei kwa ujumbe, ikawa shilingi 48,000 pamoja na kuletewa, akalipa kwa till namba ya biashara iliyokuwa na jina la duka, lisilo jina la mtu. Jioni ile muuzaji akamletea picha ya katoni iliyozungushwa gundi ya kahawia, imeegemezwa ukutani, na juu yake limeandikwa kwa kalamu nene jina lake na namba yake ya simu, na chini ya picha maneno haya: mzigo uko kwenye basi, mama, kesho asubuhi uko Mwembe Tayari.

Kesho yake alikwenda Mwembe Tayari na mwenye mkokoteni. Karani wa mizigo alimfungulia buku, akashuka na kidole mstari baada ya mstari, akamwambia hamna jina lake. Akangoja basi la pili, na la tatu, hata mwenye mkokoteni akaomba radhi akaenda zake. Alipopiga simu aliambiwa gari limeharibika Voi. Siku ya pili akaambiwa kuna ada ya bima na usafirishaji, shilingi 2,500, na mzigo hautatolewa mpaka ilipwe. Naye kwa kuwa alikwisha kutoa nyingi alitoa na hizo. Kisha muuzaji akawa amefiwa. Kisha ile picha ya duka katika namba yake ikatoweka, na ujumbe wa mama ukawa unakaa na tiki moja, haufiki.

Alikwenda kituo cha polisi, akapewa namba ya OB na neno la upole: hii ni kesi ya madai, mama, nenda kortini. Alikwenda kwa chifu, na chifu hawezi kumwita mtu asiyejulikana anakokaa. Jamaa zake wakamshauri aende kwa Kadhi, maana yeye ni Mwislamu na huenda muuzaji ni Mwislamu. Ikabidi aelezwe kuwa Katiba, katika kifungu cha 170, imemwachia Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, na mashine ya kushonea haimo humo. Hapo ndipo alipochoka. Na ninaamini kwamba wengi wa waliopatwa na mfano wa haya huchokea mahali hapo hapo, wakasema namwachia Mungu, na sheria yao ikabaki rafuni.

Nayo sheria hiyo ni nzuri, waheshimiwa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, ambayo imefuata ile ya Kiingereza ya mwaka 1893, yasema wazi kwamba ni wajibu wa muuzaji kuleta kama ilivyo wajibu wa mnunuzi kulipa, na kwamba pale ambapo muuzaji amejifunga kupeleka mzigo na siku haikutajwa, lazima aupeleke katika muda wa maana. Asipoleta, mnunuzi hakufungiwa njia moja. Aweza kudai fedha yake irudi, kwa hoja iliyo nyepesi kuliko zote, kwamba alilipa kwa ajili ya kitu na kitu hakikuja. Aweza kudai hasara pia, yaani tofauti ya bei: ikiwa mashine aliyoinunua kwa 48,000 ilikuwa yauzwa sokoni 55,000 siku ile ilipopasa kumfikia, basi zile 7,000 zilizozidi ni haki yake juu ya mtaji wake, maana lau muuzaji angetimiza ahadi angekuwa na mashine ya thamani hiyo mkononi. Na kikiwa kitu chenyewe ni mahususi, kimeainishwa kwa alama au kwa namba yake, na fedha haiwezi kukifidia, mahakama ikiona inafaa yaweza kumwamuru muuzaji akitoe kitu hicho hicho.

Fauka ya hayo iko Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012. Katika mapatano ambayo bidhaa hukabidhiwa baadaye, sheria hii imempa mnunuzi haki ya kuyavunja ikiwa siku 30 zimepita tangu siku ya kuletewa iliyotajwa na hakuletewa. Na ikiwa siku haikutajwa, basi siku 30 tangu kupatana. Mwenye kuitumia haki hii na aiandike, kwa ujumbe wa simu au kwa barua, aseme kwa lugha isiyo na shaka kwamba amevunja mapatano na ataka fedha yake. Na aangalie asije akaupokea mzigo baada ya muda huo huku akidhani bado ana hiari ya kuvunja, kwani kupokea ni kuridhia. Na juu ya sheria zote mbili Katiba yenyewe, kifungu cha 46, imetaja kulindwa kwa maslahi ya kiuchumi ya mtumiaji na kufidiwa hasara yake. Kwa hiyo yale maandishi yanayobandikwa na wauzaji, kwamba fedha ikishapokewa hairudishwi, yana nafasi yake ndogo kwa mnunuzi aliyepokea kitu kizima kisha akageuza moyo. Kwa mnunuzi ambaye hakupokea kitu hayana nguvu yoyote, na ningependa siku moja mwamuzi wenu aliseme hilo katika hukumu kwa Kiswahili ili lisomwe sokoni.

Nirudi kwa yule askari aliyemwambia mama aende kortini, kwa sababu sitaki kumdhulumu. Kuna ukweli katika neno lake. Sheria ya Adhabu, Sura ya 63, inapoeleza kosa la kujipatia mali kwa hila, ambalo adhabu yake yafika kifungo cha miaka 3, inataka uongo ulio juu ya jambo lililopita au lililopo. Ahadi ya jambo lijalo, hata ikivunjwa vibaya, peke yake si jinai. Mfanyabiashara aliyeshindwa, aliyetaka kuleta na ghala likamwangusha, hapaswi kufungwa kwa kushindwa. Hekima hii siipingi. Walakini itazameni ile picha ya katoni. Aliyesema mzigo uko kwenye basi hakuahidi, alihabarisha. Alisema jambo lililopo, na kama basi hilo halikubeba mzigo huo basi habari yake ilikuwa ya uongo, na kwa uongo huo ndipo mama alipotolewa zile 2,500 za bima. Vivyo hivyo ikiwa siku ya kuibandika picha ya mashine hakuwa nayo wala hakuwa na mahali pa kuipata, na akasema anayo, hakuna ahadi hapo, kuna hadaa. Askari aliyeuliza maswali mawili haya angeweza kupambanua deni na jinai pale pale kwenye meza yake. Na jinai ikithibiti, mahakama yaweza pia kuamuru aliyedhulumiwa afidiwe, ingawa si busara kwa mwenye haja kuitegemea njia hiyo peke yake.

Mheshimiwa Jaji Mkuu, najua kwamba polisi hawapokei amri kutoka kwako. Lakini wewe ndiwe mwenyekiti wa Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki, ambamo Inspekta Jenerali ni mjumbe, na katika kila kituo cha mahakama iko Kamati ya Watumiaji wa Mahakama inayowakutanisha hakimu, polisi na wananchi. Naomba katika mabaraza hayo ipatanwe karatasi moja tu, ya ukurasa mmoja, atakayopewa kila anayepeleka malalamiko ya namna hii pamoja na namba yake ya OB: imweleze kama jambo lake limechukuliwa kuwa jinai au la, na kwa nini, imtajie Mahakama ya Madai Madogo iliyo karibu naye, na imwambie ahifadhi nini. Maana kuna watu waliofuta ujumbe kwa hasira, wakabaki na ukweli usio na shahidi.

Mahakama yenyewe naisifu kwa dhati. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, ikafunguliwa Milimani, Nairobi, mwezi wa Aprili 2021, na siku hizi iko Mombasa na miji mingine. Na kikomo cha madai yake, kilichokuwa shilingi 200,000, kiliinuliwa mwaka 2020 kikawa milioni moja, kiasi ambacho chaingiza ndani yake takriban kila kitu ambacho mtu wa kawaida hununua kwa simu, kutoka jozi ya viatu hadi friji na pikipiki. Mkataba wa kuuza na kuleta bidhaa umetajwa kwa jina katika mamlaka yake. Mdai aweza kusimama mwenyewe bila wakili. Mahakama haikufungwa kabisa na kanuni za ushahidi zinazotawala mahakama nyingine, kwa hiyo ujumbe wa M-Pesa, mazungumzo ya simu yaliyochapishwa na ile picha ya katoni vyaweza kutazamwa kwa maana yake. Wahusika wakiridhiana, shauri laweza kuamuliwa kwa hati peke yake. Na rufani huenda Mahakama Kuu kwa suala la sheria tu, basi mwenye fedha hawezi kumchosha asiye nazo kwa kuurudia ushahidi wote juu.

Wala si kweli, kama wengi wanavyodhani, kwamba mnunuzi wa Mombasa lazima amfuate muuzaji Nairobi. Sheria ya Mwenendo wa Madai imeeleza kwamba shauri la mkataba laweza kufunguliwa mahali mkataba ulipofanywa, au ulipopaswa kutimizwa, au fedha ilipopaswa kulipwa. Na mashine iliyoahidiwa kufikishwa Mwembe Tayari ilipaswa kutimizwa Mwembe Tayari. Hilo peke yake, lau lingejulikana, lingewarudisha wengi waliokata tamaa.

Lakini nani ashtakiwe? Hapa ndipo shida ilipolala, na hapa naomba mnivumilie nikawie.

Mdai huulizwa jina la mdaiwa na mahali anapopatikana. Jirani yangu ana jina la duka na namba ya simu, basi. Haijui nyumba, haijui mtaa, hajui hata kama aliyempigia ni mwanamume mmoja au ni watu watatu wanaopokezana simu. Hata hivyo mtu huyo si mzimu. Laini ya simu haiuzwi nchini Kenya pasi na kuandikishwa kwa jina na kitambulisho cha mwenyewe. Till haipewi mtu asiyejulikana na kampuni inayoitoa. Jina la biashara, likiwa limeandikishwa, lina mwenyewe katika daftari la serikali. Kanuni za mwenendo wa madai, kwa upande wao, zinaruhusu mtu anayefanya biashara kwa jina lisilo lake ashtakiwe kwa jina hilo hilo la biashara. Na tangu mwaka 2020 kanuni hizo zimekubali wito wa mahakama upelekwe kwa barua ya kielektroniki, na hata kwa ujumbe wa simu, kwenye namba ambayo mdaiwa anajulikana kuwa aliitumia mwisho. Kwa hiyo viungo vyote vya dawa vimo dukani. Kinachokosekana ni mwenye kuvichanganya, na mgonjwa ameachiwa achanganye mwenyewe.

Mama mshonaji akienda kwa kampuni ya simu kuuliza nani mwenye till hii, atajibiwa kwamba habari za wateja ni siri, na jibu hilo ni sahihi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haikuwekwa ili kila mwenye hasira apewe anwani ya mwenziwe, na mimi mwenyewe nisingependa iwe hivyo. Anayeweza kuifungua siri hiyo kwa haki ni mahakama. Basi naomba, na hili ndilo ombi langu kubwa, kwamba fomu ya madai iambatane na fomu fupi ya kuomba ufichuzi: mdai aandike namba ya till au ya simu aliyoilipa, siku, kiasi, na namba ya muamala ule, aapie, na mwamuzi akiridhika kwamba malipo yalikuwapo atoe amri siku hiyo hiyo kwa kampuni husika impe mahakama, wala si mdai, jina, kitambulisho na anwani ya mwenye namba. Mahakama ndiyo imwite mtu huyo kwa jina lake, kwa simu yake, kwa muhuri wa Jamhuri. Kwa njia hii siri ya watu italindwa, na mwenye kuomba kwa nia mbaya atakuwa ameapa na kujifunga. Ninaamini kwamba baadhi ya wauzaji hawa, siku watakapoona kwenye simu ile ile waliyotumia kudanganyia wito wenye jina lao kamili, watarudisha fedha kabla ya tarehe ya kusikizwa, kwa maana jeuri yao yote imejengwa juu ya kutojulikana.

Jambo hili lashikamana na jingine, nalo lanitia hofu zaidi. Sheria imeagiza kwamba madai yaamuliwe katika siku 60 tangu kufunguliwa, na agizo hilo ni la rehema. Lakini majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana juu ya hukumu iliyochelewa, wengine wakiona kwamba baada ya siku hizo mahakama haina tena mamlaka na hukumu yake ni batili, wengine wakiona kwamba muda uliwekwa kuharakisha haki, haukuwekwa kuiua. Tafadhalini fikirini maana yake kwa mtu aliyetumia siku 40 kumtafuta mdaiwa. Muuzaji mjanja hahitaji utetezi. Ahitaji kujificha miezi miwili tu. Muda uliowekwa kwa ajili ya mnyonge umegeuka kuwa ngao ya mwenye kumdhulumu, na kosa la ratiba ya korti, ambalo mdai hana mkono ndani yake, lamwangukia yeye. Mpaka jambo hili lipate kauli moja, naomba maagizo ya utendaji yapange siku hizo kwa uangalifu: ufichuzi na wito katika juma la kwanza, usikizaji siku iliyotajwa ndani ya wito wenyewe, na mdaiwa aliyeitwa kwa njia halali asipotokea hukumu itolewe bila kuahirisha. Kuahirisha kwa huruma, katika mahakama yenye saa ya mchanga juu ya meza, ni kumhurumia aliyekimbia.

Mintarafu ya lugha nitasema machache, kwa kuwa jambo lenyewe liko wazi. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini fomu zilizomo katika Kanuni za mahakama hii za mwaka 2019 zimeandikwa kwa Kiingereza. Na tangu Machi 2024, ufunguzi wa mashauri kwa njia ya mtandao ulipoenezwa katika mahakama zote nchini, mama huyu amekuwa hana budi kwenda saiba kumlipa kijana amjazie maneno ambayo yeye mwenyewe hawezi kuyahakiki kabla ya kuyatia sahihi. Fomu za Kiswahili fasaha, pamoja na karani mmoja wa kusaidia katika kila kituo, ni gharama ndogo kwa mahakama.

Na kuhusu kukaza hukumu, kwa kuwa kushinda na kulipwa ni mambo mawili: dalali wa mahakama anayepelekwa kukamata vyombo vya mtu asiye na duka atarudi na gharama. Fedha za wauzaji hawa hazimo katika viti na makabati, zimo katika akaunti za simu na za benki. Sheria yetu yaijua amri ya kuzuia fedha ya mdaiwa iliyo mikononi mwa mtu wa tatu. Ingefaa amri hiyo, kwa madai haya, iwe ndiyo ya kwanza kufikiriwa wala si ya mwisho, na ielekezwe kwenye till ile ile iliyopokea.

Madai yanayotokana na mkataba yana muda wa miaka 6 kabla ya kufungwa na sheria, kwa hiyo nafasi ya jirani yangu haijapita. Amechapisha ujumbe wake wote kwa mfuatano wa tarehe, na maelezo ya M-Pesa yenye malipo yote mawili, na picha ya katoni, na namba ya OB. Barua ya madai tumeiandika pamoja kwa Kiswahili, ikampa muuzaji siku 14, tukaituma kwa namba ile. Imekaa na tiki moja. Siku hizo zitakapokwisha atakuja katika Mahakama yenu ya Mombasa, nami nitafuatana naye hadi mlangoni. Atawapa till namba, maana ndiyo anayoijua. Nawaomba msimrudishe nyumbani kutafuta jina.

Nabaki wenu mwenye taadhima,

Mkazi wa Mji wa Kale, Mombasa